Nilivyopata muda wangu bora kwenye kilima cha Mweka

Klabu yetu ya jogingi, hapa Dar es Salaam, ina imani ambayo hakuna aliyewahi kuihoji: muda mzuri wa kilomita 21 hutafutwa tambarare, na Moshi mtu huenda kufuata medali, picha na ndizi nyama. Muda wangu bora, saa 1 dakika 57 na sekunde 40, niliupata hapahapa Dar, barabara imenyooka na joto limeanza kabla ya jua. Nilipotangaza kwamba naenda kuuvunja kwenye Kilimanjaro Marathon, mzee mmoja wa klabu alicheka mpaka akaishikilia miwani. "Mama, Mweka si mahali pa kwenda na saa."

Kwa upande mmoja alikuwa sahihi. Njia ya nusu marathoni ya Moshi haina siri. Unaanzia Chuo Kikuu cha Ushirika, unapita upande wa mjini, kisha unashika barabara ya Mweka, na huko ni kupanda tu, migomba kushoto, migomba kulia, hadi pa kugeuzia. Halafu unayarudisha yote kwa kushuka. Wanaopanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Machame huteremkia Mweka, wakiwa hoi, na wengi hukwambia kushuka ndiko kulikowamaliza. Maneno hayo niliyaweka akilini kuliko ushauri wowote niliopewa kuhusu kupanda.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kwa njia kama ile, kusema "nitakimbia kila kilomita kwa dakika tano na nusu" hakuna maana. Ukiing'ang'ania kasi hiyo kwenye kilima, utafika juu umekwisha. Ukiing'ang'ania kwenye mteremko, unatupa sekunde ulizopewa bure. Kinachotakiwa kubaki sawa ni jitihada, na dakika ziende zitakavyo. Ni kweli mteremko haurudishi kila kitu ambacho kilima kimechukua, hilo mwili wowote unalijua. Lakini asubuhi ya Moshi si nzito kama ya Dar, na kifua kisichopigana na unyevunyevu kina akiba. Niliamini akiba hiyo ingetosha kuziba pengo, mradi nisiitumie mapema.

Jogingi yetu ina ugonjwa mmoja, nao ni Filbert Bayi. Wazee wetu bado wanaizungumzia Christchurch ya mwaka 1974 kama jambo la juzi: alivyotoka mbele tangu bunduki ilipolia kwenye mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola, akakimbia hivyohivyo mbele ya watu wote hadi rekodi ya dunia. Basi kila mwenye raba anataka kuanza kama Bayi, ingawa Bayi alikuwa Bayi, na alikuwa anakimbia chini ya dakika nne, si karibu saa mbili. Mimi kielelezo changu ni Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni. Septemba 2025 kule Tokyo, kwenye marathoni ya Mashindano ya Dunia, alikuwa ndani ya kundi, akasubiri, akaingia uwanjani nyuma ya mwenzake, na akampita Mjerumani Amanal Petros kwenye utepe wenyewe. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Kilomita 42 zimeamuliwa kwa sehemu za mia za sekunde! Mtu aliyetawanya nguvu zake mapema hapati hata nafasi ya kugombania kitu kama hicho.

Mazoezi niliyahamishia Goba, kwenye vilima. Kupanda nilifanya kwa kiasi, maana pumzi ninayo. Kazi kubwa niliiweka kwenye kushuka. Watu hudhani mteremko ni mapumziko, kumbe mapaja yanafanya kazi ya breki: misuli inavutwa huku imebeba uzito wako wote, na ndiyo inayokuuma siku mbili baadaye ukitaka kukaa kwenye kiti. Uzuri wake ni kwamba mwili hujifunza haraka. Mara ya kwanza Goba ilinifanya nishuke ngazi za ofisini kinyumenyume, wenzangu wakiniuliza kama nimeanguka. Wiki chache baadaye kilima kilekile kilikuwa cha kawaida. Nilijizoeza hatua fupi za harakaharaka, mguu utue chini ya kiuno, si mbele yangu kwa kisigino, na mwili uinamie kidogo mbele. Ukiegemea nyuma unajipiga breki kila hatua.

Siku ya mbio niliiweka saa ionyeshe muda wa jumla na mapigo ya moyo tu. Kasi niliificha, kwa makusudi, kwa sababu najijua: nikiona "6:20" kwa kilomita nitataka kuirekebisha. Kilima nilikipima kwa mdomo. Nikiweza kusema sentensi fupi nzima bila kukatwa na pumzi, sawa. Maneno yakianza kutoka moja moja, napunguza.

Kilomita tano za kwanza zilinichukua dakika 27 na sekunde 50, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa nazuia miguu. Mziki unapigwa, umati unapiga kelele, watu wanakupita kama mchanga wa mto. Dada mmoja aliyekuwa na kasi yangu akaniambia, "Twende, mama, tusiachwe," nami nikamjibu kwa sentensi nzima, ili nijipime palepale, kwamba tutawakuta huko juu. Akaenda zake.

Kisha kilima. Hakitishi kwa macho. Ni mwinuko mrefu usiokwisha, na hilo ndilo linalochosha. Watoto wamesimama mbele ya nyumba zao wanapiga makofi, bibi mmoja akaniambia pole kana kwamba nimefiwa. Nilifupisha hatua, mikono ikafanya kazi zaidi, macho yangu mita chache mbele. Kila kituo cha maji nilikunywa mafunda mawili na kujimwagia yaliyobaki kichwani. Kilomita ya kumi nikaitazama saa: dakika 59 na sekunde 10. Kwa wastani wa muda wangu wa Dar, nilipaswa kuwa pale kwenye dakika 55 na ushei. Nilikuwa nyuma ya mimi mwenyewe kwa zaidi ya dakika tatu.

Hapo ndipo mpango ungeweza kuvunjika, maana nusu ya pili ya kilima hukufanya uanze kuhesabu vibaya. Lakini moyo ulikuwa pale nilipotaka uwe, na sentensi bado zilikuwa zinatoka. Nikageuza.

Sikujitupa. Kilomita ya kwanza ya kushuka niliiachia miguu izoee, kisha nikaanza kuruhusu. Sasa wale walionipita mjini wakaanza kurudi mikononi mwangu, wengi wao wakitembea wameshika viuno, kichomi kimewabana. Yule dada nilimkuta akinyoosha mashavu ya miguu pembezoni mwa barabara. "Pole, mdogo wangu, shuka hatua fupifupi," nikamwambia. Kilomita ya 15 saa ilisoma 1:24:20, bado nyuma kwa kama sekunde arobaini, ila sasa pengo lilikuwa linakimbia kuja kwangu. Mahali fulani kati ya hapo na mjini nikalipita deni, sijui wapi hasa kwa sababu nilikuwa nimekwisha acha kutazama.

Mteremko ulipolainika mapaja yalianza kuwa mazito, na kusema kweli kilomita mbili hizo sikuzifurahia hata kidogo. Kilomita ya 20 ilikuwa 1:49:15. Kutoka hapo niliacha kupima mdomo. Hakukuwa na kitu cha kuweka akiba tena. Nikavuka mstari kwa saa 1 dakika 54 na sekunde 41, dakika tatu kasoro sekunde moja chini ya ule muda wa tambarare.

Yule dada aliingia baadaye kidogo, tukapigana picha na medali, akaniuliza ni kocha gani ananifundisha. Mzee wetu wa klabu nilimtumia picha ya saa yangu kabla hata sijavua raba. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akajibu: "Hongera sana, mama. Ila huo ni muda wa mteremko. Uje Dar uukimbie kwenye tambarare, ndipo nitaamini." Nimeshajiandikisha.