Fundi rangi mbele ya Mondrian

Kutoka Rotterdam hadi Den Haag, huko Uholanzi, ni mwendo wa chini ya nusu saa kwa treni, kisha tukadandia tramu. Mvua ilikuwa ile nyembamba isiyokoma. Shemeji yangu ni fundi rangi wa nyumba, na alikubali kuja kwa sababu tu tiketi nililipa mimi.

Kunstmuseum, jumba la makumbusho ya sanaa, ni jengo la matofali ya njano alilolisanifu Berlage, likafunguliwa mwaka 1935. Ndani mna kazi zipatazo 300 za mchoraji Mholanzi Piet Mondrian. Tulianza na picha zake za miti. Ule mwekundu, aliouanza mwaka 1908, ni mti kweli: shina limepinda, matawi yanawaka juu ya buluu. Wa kijivu ni wa 1911, mwaka ambao picha za Picasso na Braque, wachoraji waliovunja maumbo kuwa vipande, zilioneshwa Amsterdam. Hapo yamebaki matao tu. Mtofaa wenye maua wa 1912, ningepita bila kujua ni mti kama si kibao ukutani.

Kisha zikaja picha zake za miraba ya rangi na mistari myeusi. Mimi nilifuata miraba. Shemeji alitazama kingo. Mbele ya picha ya 1921 yenye pande kubwa jekundu alichuchumaa, akainamisha kichwa kama anayekagua kazi ya mwanagenzi wake.

"Huyu hakubandika tepu, shemeji. Mkono mtupu huu. Ona brashi ilivyopita."

Kweli. Weusi wa mistari niliodhani umepigwa kwa rula tu ulikuwa na njia za brashi, na weupe haukuwa mmoja: huku umeelekea kijivu, kule buluu kwa mbali. Miaka yote nilikuwa nimeziona picha hizi kwenye simu, na simu huzipiga pasi.

Chumba cha Victory Boogie Woogie, picha ya mwisho ya Mondrian, tulikiacha mwisho. Turubai limesimamia pembe yake, halina mstari mweusi hata mmoja. Vipande vya rangi vinarukaruka kama ile piano ya jazi aliyoipenda. Mondrian alifariki New York Februari 1, 1944, kabla hajaimaliza, na tepu na karatasi alizokuwa akizihamishahamisha bado zimo. Mwaka 1998 Uholanzi iliinunua kwa gilda milioni 80, sarafu yake ya kabla ya euro.

Shemeji alicheka mpaka mlinzi akageuka. "Mimi nikimwachia mteja tepu ukutani, silipwi!"

Nikaenda kunywa kahawa. Niliporudi nilimkuta palepale, amefumba jicho moja.