Kila Mtu kwa Kadiri ya Ulaji Wake

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo letu la wiki hii ni Kutoka 16, mstari wa 13 hadi 30. Wengi tunaikumbuka sura hii kwa muujiza wa mana kushuka, kisha tunaishia hapo. Safari hii naomba tuisome kama watu wanaoenda sokoni, kwa sababu sehemu kubwa ya sura yenyewe inahusu kupima: nani aokote kiasi gani, siku gani, na yaliyompata aliyezidisha.

Waisraeli walikuwa jangwani Sini, mwezi mmoja tangu watoke Misri, wakilalamika na kuyatamani masufuria ya nyama waliyoyaacha. Mungu akawapa chakula, na papo hapo akawapa kipimo. Pishi moja kwa kila kichwa, kwa hesabu ya watu walio hemani. Hakuwaambia waokote kadiri mikono inavyoweza kubeba, wala kadiri mana ilivyotapakaa chini. Na kumbukeni mana ilikuwa bure! Kama kuna kitu ambacho mtu angekuwa na sababu ya kukijazia gunia, basi ni hicho. Hata hivyo kipimo kilikuwa midomo iliyo nyumbani, na Musa hakubishana na mtu kuhusu hilo.

Sasa tuje Kisumu mwisho wa mwezi. Mshahara haujatulia kwenye simu na tayari jumbe zimeanza kuingia: ofa ya wikendi hii pekee, mafuta yameshuka, sabuni nunua mbili upate ya tatu, pointi mara mbili ukilipa kabla ya Jumapili. Wenzetu wa Marekani wamezoea kuponi za kukatwa gazetini kwa makasi, na jambo hilo lina historia ndefu. Mwishoni mwa miaka ya 1880 kampuni ya Coca-Cola ilikuwa ikigawa tiketi ambazo mtu akizipeleka kwa muuzaji anapewa glasi moja bure. Soda yenyewe ilikuwa ngeni, na glasi ile ya bure ilikuwa na kazi yake: uonje leo, kesho urudi na pesa. Kwetu kuponi ya makasi haikushika sana. Tunazo kadi za pointi za supamaketi, tunazo Bonga Points za Safaricom ambazo siku hizi zinaweza kulipia bidhaa dukani, tunazo vocha za mwajiri wakati wa Krismasi, na kile kibandiko cha rangi kali kwenye rafu. Mavazi tofauti, kazi ni ile ile ya tiketi ya soda.

Sisemi ni dhambi. Mwenye duka anataka umzoee, naye anakulipa kidogo kwa kumzoea, na hiyo ni biashara halali. Mwenye pointi zake kwenye simu azitumie, zisikae tu kama sanamu. Ninachosema ni kwamba ofa haijui nyumba yako ina watu wangapi. Aliyeiandika hajui kama kwako kuna watoto watano wanaomaliza mkate mmoja kabla ya chai kupoa, au kama mko wawili tu na mkate unakaa siku tatu. Yeye anajua ghala lake. Hesabu ya hemani ni wewe unayeijua, na Mungu hakumpa mtu mwingine kazi hiyo.

Tuchukue mikate hiyo hiyo. Nunua miwili upate wa tatu bure. Nyumba ya watu wanane itashangilia, na ishangilie. Nyumba ya wawili, kwa joto hili letu la ziwani, itakuwa na ukungu wa kijani kwenye mkate wa tatu kabla ya katikati ya wiki. Someni mstari wa 20. Waliobakisha mana mpaka asubuhi waliikuta imeingia mabuu na kunuka. Ilikuwa chakula kizuri kutoka mbinguni, isipokuwa ilikuwa imezidi walaji.

Kuna hesabu nyingine ndogo ambayo ningependa kila mmoja wetu aifanye akiwa amesimama pale pale mbele ya rafu, hata kama keshia anafunga. Tuseme sabuni ya unga ya gramu 800 imebandikwa ofa, shilingi 180. Kando yake kuna ya kilo moja isiyo na ofa, shilingi 210. Jicho linakimbilia 180. Lakini 180 ukiigawa kwa 800 kisha ukazidisha kwa 1,000 unapata shilingi 225 kwa kilo. Ile isiyo na kibandiko ndiyo ya bei nafuu. Simu unayo mkononi na ina kikokotoo. Itumie hapo kabla hujaitumia kulipa. Na ukifika kwa keshia, soma risiti ukiwa bado umesimama. Bei ya kwenye rafu na bei ya kwenye mashine mara nyingine hazipatani, na kuuliza kwa upole si aibu wala si utovu wa imani. Mithali 11 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, kwa hiyo anayeuliza habari za mizani anauliza jambo ambalo Bwana mwenyewe analijali.

Nauli nayo iingie kwenye hesabu. Kutoka Mamboleo hadi mjini kwa boda, kwenda na kurudi, ili kuokoa shilingi 40 kwenye mafuta ya kupikia, hapo mwenye ofa ni mwendesha boda. Na mtu anayelipia ofa kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, au kwa mkopo mwingine wa simu ajue kwamba kuna ada, mara nyingine ya kila siku, na punguzo alilolifurahia linaweza kuliwa kabla hajafungua pakiti. Kama pesa ya kununua kitu haipo, bei yake kushuka si habari yako. Nasema hivi kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona nyumba zilizoingia taabuni kwa vitu vilivyokuwa bei rahisi.

Sasa kuna watakaosema: je, basi tusiweke akiba? Tununue kadogo kadogo kila siku na kumwachia Mungu kesho? Hapana. Itazameni siku ya sita. Siku hiyo Mungu mwenyewe aliwaambia waokote maradufu, na ile ya ziada haikunuka wala haikuingia funza. Mana ni ile ile na vyombo ni vile vile. Jana yake kuweka kulikuwa kosa, na leo ni utii. Tofauti ni kwamba siku ya sita ilikuwa na sababu inayojulikana: kesho yake hakuna kuokota. Anayeweka akiba kwa sababu anaijua siku inayokuja hafanani kabisa na anayebeba kwa kuwa ameona watu wanabeba.

Na sisi wa magharibi tunayo siku ya sita yetu, tena inatangazwa kila mwaka na hakuna anayeweza kusema hakuisikia. Mahindi ya Kitale huanza kuvunwa Oktoba mpaka Desemba, na bei huwa ya chini magunia yanapofurika. Ikifika Aprili na Mei, ghala zimeisha, mapya bado yako shambani, na bei ya gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, inapanda. Hii ndiyo ofa kubwa kuliko zote tunazopata kwa mwaka, na haina kibandiko wala ujumbe wa simu.

Hata hapa tupime kwa walaji. Gorogoro moja hukaribia kilo mbili, kwa hiyo gunia la kilo 90 lina gorogoro kama 45. Nyumba inayosaga gorogoro nne kwa wiki itakula gunia hilo wiki 11 hivi. Magunia mawili ya Desemba yanakufikisha Mei. Nyumba inayosaga mbili tu kwa wiki haina haja na la pili, hata jirani akinunua manne.

Kisha mabuu wasirudi kwa jina la dumuzi. Mahindi yaliyokauka vizuri ni yale ambayo unyevu wake hauzidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi, tia chumvi kavu vijiko kadhaa, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha acha itulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani. Ikibaki kavu chini, weka. Mahindi mabichi huota kuvu ya sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa ugali. Wenye uwezo wanunue ile mifuko isiyopitisha hewa. Ukifunga vizuri dumuzi hukosa pumzi akafa, na huhitaji kumwaga dawa juu ya chakula cha watoto.

Nigusie na soko la Kibuye, maana huko ndiko wengi wetu tunakopata punguzo letu la kweli. (Jumapili ndiyo siku linapofurika, na baadhi yetu tunakuja ibadani mfuko wa kununulia ukiwa umekunjwa ndani ya pochi ya Biblia. Bwana anatuona.) Pale hakuna kadi ya pointi. Kuna nyongeza. Unamwambia, "Mama, medna kidogo," naye anakuongezea kiganja cha maharagwe juu ya gorogoro iliyojaa, au fungu la dania juu ya sukuma wiki. "Hiyo ni ya watoto, mwanangu. Jumapili usinipite." Nyongeza hiyo inatoka mfukoni mwake, hakuna kampuni inayomrudishia. Mithali 20:14 inamcheka mnunuzi anayesema kitu hakifai, hakifai, kisha akishaondoka anajisifu alivyokipata rahisi. Tuwe waangalifu hapo. Mtu anayelipa supamaketi bei iliyoandikwa bila kufungua mdomo, halafu anamkaba mama wa omena kwa shilingi kumi mpaka anakata tamaa, bajeti yake inaweza kuwa nzuri lakini mbele za Mungu ina shimo. Omba nyongeza, ukipewa shukuru, ukinyimwa lipa.

Jambo la mwisho ni lile linalotuletea kichwa kuuma kuliko bei ya unga. Nyumba nyingi ninazozijua hazisumbuliwi na chakula, maana chakula kinajulikana. Zinasumbuliwa na vitu tunavyoviita dharura ilhali tunajua vitakuja: karo ya Januari, sare, tokeni za stima, na zaidi ya yote michango ya matanga. Tuseme ukweli wetu. Hakuna mwezi unaopita bila kuingizwa kwenye kundi jipya la WhatsApp la mipango ya mazishi, na orodha ya majina na kiasi inazunguka mpaka usiku. Hakuna ubaya kutoa. Ndivyo tulivyo, na kesho ni zamu yako. Lakini mtu anayejua kwamba kila mwezi atachanga na bado haandiki mstari wa michango kwenye bajeti yake, kila msiba unamkuta akichukua pesa ya karo.

Katika Walawi 19 Mungu anawaambia wenye mashamba wasivune mpaka pembeni kabisa, waache kitu kwa ajili ya maskini na mgeni. Pembe ile ilikuwa imetengwa kabla ya mavuno kuanza. Mwenye shamba hakushangaa alipomwona mjane anaokota, wala hakununa. Nanyi mkikaa mezani mwisho wa mwezi, andikeni pembe hiyo kwanza, kiasi chochote mnachokiweza, baada ya fungu la Bwana na kabla ya sukari. Mwezi usipokuwa na msiba, msiile. Ibebwe mwezi unaofuata. Iki­isha, mtu ana haki ya kusema, "Ndugu zangu, mwezi huu niliyokuwa nayo nimetoa," na akalala.

Na mkae wote wawili. Baba wa nyumba aliyeuliza bei ya kilo ya sukari mara ya mwisho zamani zile hawezi kukadiria pesa ya matumizi, na mama anayeficha deni la dukani hawezi kusaidiwa. Si lazima kikao kiwe kirefu. Daftari moja, kalamu, chai, na mtoto mkubwa akiwepo mnaweza kumwacha asikilize. Si vibaya ajue stima hailipiwi na malaika.

Kwa maombi ya wiki hii tuwakumbuke waliopoteza kazi, ambao bajeti yao kwa sasa ni ya siku moja moja kama ya mana. Mwenye ndugu wa namna hiyo asimtumie somo hili, ampelekee unga.

Na wale waliokuwa wameuliza habari za kununua mahindi kwa pamoja: gari moja kutoka Kitale ni nafuu kuliko kila mtu kutafuta gunia lake. Hesabuni kwanza mnasaga gorogoro ngapi kwa wiki, ndipo muandike idadi ya magunia mbele ya jina. Daftari liko kwa mama mweka hazina baada ya ibada, na chupa ya chumvi tutakuwa nayo siku mzigo utakapofika.