Siku moja maishani mwangu: paka aliyetulia na paka aliyeganda

Saa 12:10 asubuhi

Kabla ya chai, naangalia tumbo la Zabibu, paka wangu. Mwezi uliopita jirani wa ghorofa ya juu alivunja ukuta wa jikoni kwa siku nane, drili tangu asubuhi hadi magharibi. Zabibu hakulia wala hakumparura mtu. Alijibana nyuma ya kabati la vyombo, na usiku akitoka anajilamba tumbo, analamba tu, mpaka ngozi ikabaki tupu. Leo manyoya yanarudi, laini kama usufi. Amenipokea mkia juu, ncha imepinda kama mpini wa bakora, akanisugua shavu gotini. Huyo ndiye paka mwenye raha.

Mimi ni msaidizi wa daktari wa mifugo hapa Mombasa, huu mwaka wa tisa. Neno linalonitia wasiwasi kuliko yote kazini ni "ametulia".

Saa 2:15 asubuhi

Barazani kuna mbwa wawili, mbuzi mwenye jicho bovu, na kijana amepakata kiroba kinachohema. Namtoa upesi pale mbele ya mbwa, namwingiza chumba cha ndani, kiroba tunakiweka juu ya meza. Paka akiwa chini sakafuni anajiona windo.

Tukafungua. Paka hakuruka, hakufoka. "Si unaona, ametulia," kijana akasema, na uso wake ukakunjuka.

Nikamwambia, hebu mtazame vizuri, ndugu yangu. Miguu yote minne ameikunja chini ya mwili, mkia umeibana miguu, kichwa kimeshuka chini ya mabega. Masikio yamelala pembeni. Chumba kina mwanga tele, lakini mboni za macho zimetanuka mpaka rangi ya jicho haionekani. Kisha nikamwonyesha kitu ambacho wengi hawajawahi kukiona: paka aliposogea hatua mbili, meza ya chuma ilibaki na alama za nyayo mbichi. Paka hutoka jasho nyayoni, na akiogopa hulowa. Huyu hakutulia. Ameganda.

Nilipoanza kazi nilikuwa nawakamata kwa ngozi ya shingo, nawakandamiza, wakinyamaza nasema nimewaweza. Najuta kila mmoja wao. Siku hizi namfunika kwa kanga aliyokuja nayo, yenye harufu ya kwao, na daktari anampima humo humo, sehemu moja moja. Kijana ameondoka na agizo: kikapu cha ukili chenye kifuniko, akiache wazi sebuleni wiki nzima, atie tambara na dagaa ndani, paka aingie na kutoka apendavyo kabla ya safari nyingine. Si kikapu kinachotoka stoo siku ya sindano peke yake.

Saa 4:40 asubuhi

Simu. Mama mmoja analalamika paka wake dume amekuwa mchafu, anachuchumaa kila mahali. Namuuliza: mkojo unatoka? Kimya. "Sasa unavyoniuliza... sijauona tangu jana usiku. Analia akichuchumaa. Nimpe panadoli kwanza?"

Usithubutu, mama. Panadoli ni sumu kwa paka, mwili wake hauwezi kuivunja, na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Mlete sasa hivi, usingoje adhuhuri.

Alifika kwa tuktuk. Nilipogusa tumbo, kibofu kilikuwa kigumu kama ndimu ambayo haijaiva. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba, ikiziba sumu hupanda kwenye damu na siku moja au mbili zinatosha kumuua. Daktari alimlaza usingizi, akampitisha mpira. Mkojo ulitoka mwekundu.

Mama akauliza amekula nini kibaya. Daktari akamuuliza nyumbani kumebadilika nini. Ndipo yakatoka: wamehama wiki iliyopita, kuna wageni wa harusi, paka ni watatu na beseni la mchanga ni moja, tena liko kwenye korido wanakopita watoto. Kibofu cha paka huweza kuvimba kwa dhiki peke yake, bila kijidudu. Kanuni yetu ni beseni moja kwa kila paka, na moja la ziada, mbali na chakula, mahali penye njia mbili za kutokea ili mwenzake asimvizie.

Amelazwa. Kwenye kizimba nimemwekea boksi la karatasi, mlango nimeukata kwa kisu. Mwaka 2014 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, waliwafuatilia paka 19 wapya kwenye makazi ya wanyama, na waliopewa boksi la kujificha walizoea haraka kuliko wasiopewa. Boksi tunaokota bure dukani.

Saa 9:30 alasiri

Kibokoni, nyumba ya bibi mmoja. Binti yake amerudi kutoka Muscat na mtoto mchanga, na paka wa nyumba anakojolea kitanda cha binti.

"Mwanangu, huyu paka ana husuda na mtoto."

"Shikamoo bibi. Si husuda. Anaogopa."

Nimechukua mkojo upimwe, maana ugonjwa hutangulizwa kabla ya tabia. Kisha nikakaa mkekani nusu saa bila kumwita. Alikuwa juu ya kabati. Nikimtazama, nafumba macho polepole, nafumbua, nageuza uso. Watafiti wa vyuo vya Sussex na Portsmouth, Uingereza, walichapisha mwaka 2020 kwamba paka hujibu kufumba huku, na humsogelea zaidi mgeni anayefanya hivyo. Huyu alifumba mara ya tatu.

Tumekubaliana: juu ya kabati pawe pake, pawekwe tandiko, na asishushwe. Nguo moja ya mtoto iwekwe karibu na sahani yake aizoee harufu bila kilio. Godoro lioshwe kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya, si jiki, na asipigwe kamwe. Binti, aliyekuwa tayari kumtoa paka nje, aliuliza, "Kwa hiyo mimi ndiye mgeni kwake?" Nikamjibu ndiyo, dada, tena umekuja na masanduku manne.

Saa 12:45 jioni

Wahenga wamesema paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya. Zabibu anaishi kwenye fleti, panya hana. Namfungia unyoya wa kuku kwenye uzi, nauburuta nyuma ya mguu wa kiti. Anavizia, anatikisa makalio, anaruka. Dakika kumi, kisha chakula, kisha anajisafisha na kulala. Siku za ile drili nilisahau mchezo huu kabisa, na ndizo siku alizouhitaji.

Saa 3:20 usiku

Ujumbe kutoka kwa mwenzangu wa zamu: mkojo wa yule dume umeanza kuwa wa njano. Ameambatanisha picha. Boksi, tundu nililolikata vibaya, na kichwa cha paka kimetokeza nje, masikio yamesimama, kinanusa sahani ya samaki.