Wanaikamua kila asubuhi

Mwezi uliopita nilimsindikiza mjomba wangu Dar kupigwa picha ya mifupa. Ana saratani ya tezi dume na nyonga ilikuwa inamuuma mpaka usiku analala amekaa. Tulitoka stendi ya Kange hapa Tanga alfajiri, Muheza, Segera, Chalinze, safari ambayo mzima anashuka mgongo hauna hali sembuse yeye, tukalala kwa dada, kesho yake asubuhi hospitali.

Sindano ililetwa ndani ya kasha zito la madini ya risasi. Kijana wa mionzi akamchoma, akamwambia, "Mzee wangu, sasa kunywa maji mengi, ukojoe kila ukijisikia, baada ya masaa matatu tutakuita." Mjomba akauliza hii dawa mnaitoa wapi, kijana akasema tunaikamua hapahapa kila asubuhi. Mjomba kafuga ng'ombe Pongwe maisha yake yote, yaani alikaa vizuri kwenye kiti asikie.

Iko hivi: kuna mtungi mdogo una madini ya mionzi yanaitwa molibdenamu 99, nusu yake inaoza kwa saa 66, na ikioza inazaa teknesiamu 99m, ndiyo mionzi iliyomo kwenye ile sindano. Wanapitisha maji ya chumvi, teknesiamu inatoka nayo, mama anabaki, kesho amejaza tena. Ila teknesiamu yenyewe kila saa 6 nusu imeisha, huwezi kuweka akiba.

Picha ilitoka, mifupa mitupu mbele na nyuma, doa jeusi nyonga ya kushoto, mawili uti wa mgongo, na goti nalo limekolea. Mi goti ndo lilinitisha. Daktari akasema hilo ni la kusagika tu, kwa sababu dawa hii haiifuati saratani yenyewe, inaenda popote mfupa unapojijenga upya.

Basi toka siku hiyo nasoma usiku na usiku, nikakuta kuna inayoifuata saratani yenyewe. Seli nyingi za saratani ya tezi dume zina protini inaitwa PSMA, imejaa kwenye ngozi yake ya nje, watafiti wakatengeneza molekuli ya kuing'ang'ania. Ukiifunga na galiamu 68, nayo ya mionzi, unaona kwenye mashine ya PET, ile inayopiga picha ya mionzi iliyo ndani ya mwili, seli zimejificha wapi, halafu ukiweka lutetiamu 177 badala ya galiamu, mionzi inapelekwa mpaka mlangoni kwake na inachoma milimita moja mbili tu kuzunguka hapo. Wazo lenyewe la zamani, Saul Hertz kule Boston alishatibu tezi ya shingo kwa iodini ya mionzi mwaka 1941. Hii ya lutetiamu Marekani waliiruhusu 2022, kwa wanaume ambao saratani imeshasambaa na dawa nyingine zimegoma. Haiponyi kabisa. Kwenye utafiti, muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka, ulikuwa miezi 11.3 kwa wasioipata na 15.3 kwa walioipata. Kuna watu watasema miezi 4 ni nini, mimi nawaambia miezi 4 ni kupanda mahindi mpaka kuyavuna, na mjomba yupo shambani anayaona.

Sasa kilichonikaa moyoni ni hiki. Galiamu 68 nusu inaisha kwa dakika 68, ukiipakia basi la Dar ikifika Tanga baada ya masaa sita haijabaki hata asilimia 3. Lakini mama yake, jemaniamu 68, nusu yake ni siku 271! Mtungi wake unaweza kukaa hapa Tanga, hospitali ya Bombo, miezi na miezi unakamuliwa tu. Kwa hiyo barabara sio kikwazo, kinachotakiwa ni mashine ya PET na vijana waliosomea, na vijana Tanga tunao, naomba walimu wa fizikia wawaambie kwamba kazi hii ipo.

Nilimweleza mjomba yote haya tukiwa kibarazani. Akauliza huyo wa siku 271 anakamuliwa mara ngapi kwa siku, nikamwambia kila baada ya masaa matatu manne anakuwa amejaza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi huyo ni wa maziwa kweli, mwanangu."

Wiki ijayo tunarudi Dar kwa sindano yake ya homoni. Nimeshakata siti za mbele, anyooshe mguu.