Robo inchi ya kila mtu ni yake

Jamani lile blanketi la viraka limeisha, lile nililowasumbua nalo miezi yote hii. Viraka 48, sita kwa nane, kila kaya kiraka chake, na maelekezo yalikuwa mafupi tu: kata kitambaa inchi 12 na nusu kila upande, robo inchi ya pembeni ni ya mshono, kikishaungwa kinabaki inchi 12 kamili. Mi ndo nliyeandika hayo maelekezo na nikajiona mjanja kweli.

Viraka vikaja. Nikavitandaza sakafuni nikashika futi, cha kwanza 12 na nusu, safi, cha pili 12 na robo, mh, cha tatu 13 upande mmoja na 12 upande wa pili yaani hata mraba si mraba tena, halafu kuna kimoja kimetariziwa maua mazuri ajabu lakini yamefika mpaka ukingoni kabisa, sasa hapo unashona wapi? Na msidhani robo inchi ni kitu kidogo. Viraka nane kwenye mstari mmoja kila kimoja kikipungua robo umeshapoteza inchi 2, mstari wa jirani yake haujapoteza kitu, ukilazimisha kuviunga blanketi linakunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu.

Nikakumbuka lile blanketi la kumbukumbu ya waliokufa kwa Ukimwi kule Marekani. Mwaka 1987 lilitandazwa Washington likiwa na vipande 1,920, siku hizi ni karibu 50,000, na kipande kimoja ni futi 3 kwa 6, karibu na ukubwa wa kaburi, vinaungwa vinane vinane vinakuwa mraba wa futi 12. Watu wasiojuana kabisa hao. Sisi tunaopigiana hodi kila siku vipande 48 vimetutoa jasho.

Basi fundi mmoja kati yetu, fundi hasa, akasema vilivyokosewa virudishwe vishonwe upya. Nikakataa na tukanuniana siku mbili. Kulikuwa na kiraka cha mzee mmoja, ameshonea mfuko wa shati lake la kazi juu ya kitambaa cheupe, kwa uzi mweusi, mishono mirefu imepinda, fundo kaliacha juu linaonekana, na chini ya mfuko kuna doa la wino la kalamu iliyovuja sijui mwaka gani. Hicho unamrudishia, halafu unamwambia nini?

Dawa aliitoa fundi huyohuyo baada ya kununa kuisha. Kila kiraka tukakizungushia utepe wa bluu wa inchi 2, tukapiga pasi, ndo tukavikata vyote inchi 15. Makosa yote yakaishia kwenye bluu, kwingine bluu nene kwingine nyembamba, na ukisimama mbali huoni kitu. Yale maua yaliliwa kidogo na mshono, dada yangu nisamehe.

Ila kuna jambo nililisahau kwenye maelekezo na hili ni kosa langu kabisa: fueni kitambaa kabla ya kukishona! Kiraka chekundu kimoja kilichuja rangi kilipopigwa pasi ya mvuke, jirani yake mpaka leo ana wekundu kwenye kona.

Baada ya hapo ni pamba katikati, bitana chini, unapiga bandi ya mishono mirefu ili tabaka zote tatu zisihame, halafu unashona kupenya zote, la sivyo siku ya kufua pamba yote inajikusanya pembeni kama mto. Hii kazi tuliifanya kwa mkono tukikaa kulizunguka, na umbea tulioupiga hapo siuandiki.

Siku ya kulitundika mzee alikuja, akasogea, akaingiza vidole viwili mfukoni mwake pale ukutani, akanigeukia: mbona hamkuniambia uzi mweusi unaonekana hivi?