Hakuna Aliyeuliza

Mwezi Julai mwaka 1996, vijana wa kijiji chetu, kilichoko kusini mwa mji wa Dodoma kwenye njia ya kwenda Mvumi, walicheza kriketi na vijana wa madukani kutoka mjini, nami nikapewa kazi ya kuandika alama. Sikupewa kwa sababu niliujua mchezo kuliko wenzangu. Nilipewa kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka na nilikuwa na daftari la hesabu ambalo halijaanza kutumika.

Aliyetuingiza katika mchezo huo alikuwa mwalimu mmoja wa Kiaustralia aliyefundisha katika chuo cha kanisa. Waaustralia hawakuwa wageni kwetu, kwani wamisionari wao wa Kianglikana walikuwa Ugogo tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, enzi za Askofu George Chambers, lakini huyu ndiye wa kwanza tuliyemwona akishuka kwenye gari na mfuko wa vibao vya kupigia. Tusingemsikiliza sana kama si habari iliyotangazwa redioni mwaka ule. Tarehe 29 Februari, katika Kombe la Dunia, Kenya ilikuwa imeishinda West Indies, timu ya nchi za Karibi, mjini Pune, India: Kenya ilipata mikimbio, yaani alama za mchezo huo, 166, kisha ikawatoa wakubwa wale wote kwa mikimbio 93. Vijana wetu walisema kwamba kama jirani ameweza, basi hakuna sababu ya sisi kukaa kivulini tukicheza bao.

Uwanja ulikuwa ule ule wa mpira wa shule ya msingi, mgumu kama sakafu, usio na unyasi hata mmoja kwa kuwa kiangazi kilikuwa kimekwisha kukomaa. Katikati wageni walitandika mkeka mrefu wa nyuzi za makumbi ya nazi, wakaukaza kwa misumari ya nchi sita, na kila ulipogongwa na mpira vumbi lilitimka. Kutoka vijiti vitatu vya upande mmoja hadi vijiti vitatu vya upande wa pili walipima hatua, wakabishana, mwisho wakatumia kamba iliyokwisha kupimwa mita 20 na ushei. Mpaka ulichorwa kwa majivu. Tatizo lilikuwa mbuyu, ambao ulisimama ndani ya mpaka, na hapakuwa na namna ya kuukwepa bila kupunguza uwanja. Mwalimu alisema kwamba huko Canterbury, Uingereza, kulikuwa na mti ndani ya uwanja, na mpira ukiugusa mpigaji hupewa mikimbio minne. Basi na mbuyu wetu ukapewa hadhi hiyo hiyo. (Mti wa Canterbury uliangushwa na upepo mwaka 2005. Wetu bado upo.)

Mwamuzi wa upande mmoja alikuwa mwalimu mwenyewe. Wageni walikubali kwa sharti kwamba mwamuzi wa pili asiwe kijana, nasi tukamtoa Babu, mzee aliyekuwa mjumbe wa baraza la kata na ambaye hukumu zake katika kesi za ng'ombe na mashamba zilikuwa hazikatiwi rufaa kirahisi. Kwa majuma kadhaa mwalimu alikuwa amemsomea sheria za mchezo jioni, akimfasiria kwa Kiswahili chake cha taratibu, na nasikia nyingi zilimchosha. Iliyompendeza ilikuwa moja: kwamba mwamuzi hamtoi mpigaji, yaani hamwamuru aache zamu yake, hata akiona kwa macho yake kwamba ametoka, mpaka upande unaorusha umuulize. Hilo alilielewa mara moja, kwa kuwa hata barazani kwake hakuna kesi bila mlalamikaji. Alivaa koti lake la Jumapili na kofia ya pama, akaweka kokoto sita katika mfuko wa kushoto, ili kila mpira ukirushwa ahamishe moja kwenda mfuko wa kulia na asipotelewe na hesabu ya ova, yaani mipira sita inayorushwa mfululizo.

Tulianza saa nane mchana, ova 20 kila upande, na wageni ndio waliotangulia kupiga. Mimi nilikaa mezani, pembeni mwa mpaka, pamoja na mzee mwenye duka la vitambaa aliyewaandikia wageni. Waandishi wawili hulinganisha hesabu kila ova inapokwisha, na kila mwamuzi anapotoa ishara, mkono ukipungwa kwa mikimbio minne au mikono yote miwili ikiinuliwa kwa sita, mwandishi hunyoosha mkono kuonyesha kwamba ameona. Mzee yule aliandika bila haraka, huku akinisimulia habari za mwaka 1975, pale Afrika Mashariki ilipopeleka timu moja kwenye Kombe la Dunia la kwanza huko Uingereza, Watanzania wakiwamo, ikapoteza michezo yote mitatu. Aliyasimulia hayo kwa fahari, jambo ambalo wakati ule lilinishangaza.

Katika ova ya saba, Babu akiwa upande wa mrushaji, nahodha wa wageni, kijana mrefu wa duka la vipuri, alikuwa na mikimbio 6. Mpira ulipita karibu sana na kibao chake, mlinda wiketi wetu, yule anayesimama nyuma ya vijiti, akaudaka kwa mikono miwili; kama ulikuwa umekigusa kibao, basi nahodha ametoka. Mahali pengine popote duniani wachezaji wangeruka na kupiga kelele kumuuliza mwamuzi. Wetu walinyamaza. Walikuwa watu wa soka, na katika soka mchezaji husubiri filimbi. Wote walimtazama Babu, wakingoja kidole kiinuke, ishara ya kumtoa mpigaji. Babu naye aliwatazama. Alitoa kokoto moja mfuko wa kushoto, akaigeuza kiganjani, akaipangusa vumbi, akaitia mfuko wa kulia, yote hayo kwa upole ambao hata mimi niliyekuwa mbali niliuona si wa kawaida. Sheria inaruhusu kuuliza hadi mrushaji aanze kukimbia ili kurusha mpira unaofuata. Mrushaji wetu alirudi alama yake, akageuka, akakimbia, na nafasi ikawa imekwisha. Katika daftari niliweka nukta, yaani mpira usio na mkimbio. Mzee wa vitambaa akaweka nukta yake pia, akasafisha miwani, wala hakusema neno.

Nahodha yule alifika mikimbio 41, miwili kati ya mipigo yake ikigonga mbuyu, na wageni wakamaliza kwa 112.

Wakati wa chai, vijana walimzunguka Babu.

"Babu, ule mpira ulikigusa kibao?" mlinda wiketi aliuliza.

"Ulikigusa. Niliusikia vizuri."

"Sasa mbona hukumtoa?"

"Nani aliniuliza, mjukuu wangu?"

Walimgeukia mwalimu, wakitumaini kwamba atamsahihisha, lakini mwalimu alikuwa amekaa chini, anacheka hadi chai inamwagika. Mimi nilikasirika pamoja na wenzangu, ila sikuona kosa la Babu wakati ule na sioni hadi leo. Kama angeinua kidole bila kuulizwa, wageni wangekuwa na haki ya kukataa, na sisi ndio tuliowaomba wamwamini.

Zamu yetu ya kupiga haina mengi. Wageni walipaza sauti kila mpira ulipogusa mguu wa mtu; Babu aliwajibu "hapana" mara nyingi na kuinua kidole mara mbili. Tulifika 104 ova zilipokwisha, tukashindwa kwa mikimbio 8, na madaftari mawili yalilingana hadi nukta ya mwisho.

Nahodha alinunua kreti ya soda. Mlinda wiketi wetu alipokea yake, akamwuliza kama na yeye alijua kwamba ameugusa ule mpira.

"Nilijua, kaka," alijibu. "Nilipoona mmenyamaza wote, nikasema hawa jamaa waungwana kweli."

Mechi ya marudiano ilichezwa mjini mwezi uliofuata, na vijana wetu waliuliza tangu mpira wa kwanza: wakauliza mpira ukidakwa, wakauliza ukipita mbali, wakauliza hata mpigaji alipoinama kufunga kamba ya kiatu. Kabla ova ya tatu haijaisha Babu alisimamisha mchezo, akamwita nahodha wetu, akamweleza mbele ya watu wote kwamba barazani kwake mlalamikaji hulipa ada.