Hatua za Kukuza Sauti Katika Redio Niliyoiunda Nyumbani

Redio ya masafa ya kati niliyoiunda nyumbani kwangu Majengo, hapa Moshi, nimeifanikisha kwa kuikamilisha hatua moja ya ukuzaji kabla ya kuigusa inayofuata. Koili na kapasita ya kuzungusha huchagua steshoni, na daiodi ya jemaniamu, kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu, niliyoipata kwa fundi redio mmoja wa mjini, huitoa sauti katika wimbi lililoibeba. Lakini kinachotoka hapo ni milivolti chache tu, zisizoweza kusukuma spika.

Hatua ya kwanza ni transista ya BC547, kijenzi cha kukuza mawimbi, inayotumia betri ya volti 9. Ina miguu mitatu: besi hupokea wimbi, kolekta hulitoa likiwa limekuzwa, na emita ndiyo ya upande wa hasi. Resista ya kilo-omu 47 kutoka chanya na ya kilo-omu 10 kwenda hasi huipa besi takriban volti 1.6, kolekta ina kilo-omu 4.7, na emita kilo-omu 1. Nilipoweka mita kwenye kolekta nilisoma karibu volti 4.6, yaani nusu ya betri. Kipimo hiki nakithamini kuliko vyote, kwa sababu volti ya kolekta hushuka besi inapopanda na hupanda besi inaposhuka, hivyo ikitulia karibu mno na 9 au chini mno, upande mmoja wa wimbi hukatwa na sauti hukwaruza.

Kwa resista hizo ukuzaji hauzidi mara 5. Nilipopachika kapasita ya maikrofaradi 100 sambamba na resista ya emita, mawimbi ya sauti yalipata njia ya kuikwepa resista hiyo, na sauti ikaongezeka mara nyingi bila volti ya kolekta kubadilika.

Hatua ya pili ni kama ya kwanza. Kati ya hatua hizo mbili kuna kapasita ya maikrofaradi 10, inayopitisha sauti na kuzuia umeme tulivu (usiobadilika-badilika kama wimbi) wa kolekta usivuruge besi inayofuata. Ya mwisho ni IC ya LM386, yaani chipu yenye kikuza sauti kizima ndani yake, inayoendesha spika ya omu 8.

Zote tatu zilipoungana, spika ilipiga tu-tu-tu kama pikipiki. IC inapovuta mkondo mwingi volti ya betri hutikisika, na mtikisiko huo hurudi hatua ya kwanza ukakuzwa upya. Resista ya omu 220 kwenye njia ya umeme wa transista, pamoja na kapasita ya maikrofaradi 220 kwenda hasi, iliunyamazisha mlio huo kabisa.